Mgeni wa Mwaka na Jembe la Siku ya Tatu

Tangu nirudi kutoka mjini sijateka maji kwa utulivu. Kila ninayemkuta kisimani ananiuliza ilikuwaje, na kila nikianza, ndoo inajaa, mtu anaitwa kwake, habari inakatikia njiani. Jioni inanirudia kwa mdomo mwingine, imeota mkia. Jana nimesikia kwamba mama yangu alimchapa askari kwa ufagio. Hakumchapa. Ufagio ulikuwapo, na nitaufikia, lakini hakuchapwa mtu.

Basi nimekaa niandike, mpeane msome kwa zamu. Wenzangu wa skuli hapa Makunduchi mnaujua mwanzo wake. Shoga zangu wa mjini hamuujui, kwa hiyo wa hapa mnivumilie nikieleza mnayoyajua. Mambo ya vibali na mihuri nitayaruka, maana hata mimi niliyekuwapo sikuyaelewa yote.

Makunduchi, siku ya Mwaka

Siku ya Mwaka wanaume wetu hupigana kwa migomba mpaka hasira za mwaka mzima ziwaishe. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake tunavaa nguo mpya na kuimba, kisha kila mtu anakwenda kula. Hayo watu wa mjini wakija huyaona. Wasiloliona ni hili: nyumba isiyopata mgeni siku ile imeuanza mwaka vibaya. Hata mpike nini, mkila wenyewe kwa wenyewe ni kama hamkula.

Mgeni wetu huwa kaka yangu, anakuja na wakweze kutoka Kikwajuni, mjini. Mara hii hakuja, gari zilikuwa chache. Mama yangu, Bi Mize, ambaye hajakosa mgeni tangu aolewe, alisimama ukingoni mwa uwanja na kanga yake mpya, akiwatazama watu kama anayechagua samaki sokoni. Akamwona mtu kasimama peke yake, mwembamba, kavaa koti la mtu mnene, kibunda kwapani. Akaenda akamshika mkono.

"Umekula wewe?"

"Bado, mama."

"Basi twende."

Ndivyo Anlawi alivyoingia nyumbani kwetu. Matamshi yake yalikuwa ya pwani lakini si ya pwani yetu. Ukimsikiliza kwa makini unamfahamu, ukizubaa anakupita. Hakuna aliyemwuliza katoka wapi. Kwetu mgeni haulizwi hilo mpaka aseme mwenyewe, kwani kumwuliza unatoka wapi ni kama kumwuliza unaondoka lini. Alikula, akalala ukumbini, akaamka akala tena.

Siku ya tatu mama akampa jembe. Najua huko mjini methali ile mnaisema kwa kebehi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kana kwamba ni njia ya kumfukuza mtu kwa adabu. Mama haichukulii hivyo. Kwake anayekaa bila kushika kitu bado ni mtu wa nje, na ukimpa jembe umemwambia nyumba hii ni yako. Anlawi alilipokea kwa mikono miwili, akaenda kulima shamba letu la muhogo. Alilima vibaya, na jioni viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu. Mama alimpaka mafuta ya nazi huku anamcheka. Kesho yake akaenda tena, na kesho yake tena.

Hatukuzingatia kwamba zama zimebadilika. Siku hizi kila uso mpya hupelekwa kwanza kwa mwenyekiti wa tawi la chama, naye hupeleka habari juu. Mwenyekiti wetu si mtu mbaya, ila ana walio juu yake. Alikuja akasimama mlangoni.

"Bi Mize, huyu nani?"

"Mgeni wangu."

"Katoka wapi?"

"Sijamwuliza."

"Yuko hapa tangu Mwaka, anakula kwako, hujamwuliza?"

"Wewe wa kwako uliwauliza?"

Mwenyekiti alinitazama mimi, kwa kuwa ni mwalimu, kana kwamba ningeweza kuitafsiri ile kwa wakubwa wake. Sikuweza. Baada ya siku chache akaja askari kutoka mjini, kijana aitwaye Haji, akasimama pale pale mlangoni na kumwuliza Anlawi moja kwa moja.

"Kwenu wapi?"

"Ibo. Kusini, upande wa Mreno."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kumtafuta ndugu yangu. Yuko Bububu, anafanya kazi."

Haji aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwishapata alichokifuata. Aliponiona sielewi alinieleza, na alieleza vizuri, kwa hiyo nami nawaeleza hivyo hivyo. Kule kwa Mreno kuna vita. Mtu aliyevikimbia akithibitika, anavushwa Dar es Salaam, anapelekwa wanakopokelewa wakimbizi. Lakini aliyekuja kutafuta kazi tu, bila ruhusa, anapakiwa chombo na kurudishwa alikotoka. "Basi ni hayo mawili, Mwalimu. Ataulizwa mjini. Na aliyemlaza aje naye aseme anachokijua."

"Nani aliyemlaza?" mama akauliza kutoka ndani. "Mimi. Kazija, nitolee buibui langu."

Makunduchi hadi Kitogani

Tulipanda gari la mizigo lililobeba kamba za usumba, kuni na abiria, sisi wanne juu ya kamba. Anlawi hakufungwa, ila Haji alikaa karibu naye, goti kwa goti. Kibunda chake kilikuwa mapajani mwa Haji.

Kabla ya Kitogani gari lilichemka, moshi ukatoka mbele, dereva akashuka bila kusema neno. Utingo akatumwa maji. Tulikaa kando ya barabara kwenye jua, na hapo mama akafungua pakacha lake: muhogo wa kuchemsha na pweza wa kukaanga. Mchele mnajua hali yake, kwa hiyo hatukuwa nao. Alimkatia Anlawi, akanikatia mimi, akamnyooshea Haji.

"Mimi niko kazini, bibi."

"Kazini huli?"

"Siwezi kula na mtu niliyemkamata."

"Basi geuka huko ule peke yako. Pweza hajakamatwa na wewe."

Abiria walicheka, Haji naye akacheka, akala. Pweza akamlainisha ulimi. Alisema kwa mzaha, lakini kwa sauti ya chini, "Wenzetu wanaiba ngalawa watoke kisiwani, huyu kaiba njia aingie. Bwana Mkubwa wangu ofisini hatoamini."

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja pale alikuwa na mtu wake aliyekwishaondoka, na jina lisilotajwa mezani. Haji mwenyewe aliona kasema kubwa, akainuka kwenda kumsaidia utingo maji.

Alipokuwa mbali Anlawi alianza kusema, akimtazama mama si mimi.

"Mimi si mkulima, mama."

"Nimekiona kilimo chako."

"Mimi mfua fedha. Kwetu Ibo tunafua mikufu na vikuku. Baba yangu, babu yangu. Siku moja ya Ijumaa nilichelewa msikitini. Nilikuwa nawasha makaa. Nilipofika nje, askari wa Mreno walikuwa wanawatoa watu, imamu mbele na safu yake yote. Walisema watu hao wanawasaidia wapiganaji walio msituni. Waliwapeleka ngomeni. Hakurudi hata mmoja. Mahali pangu katika ile safu ni nyuma ya imamu, upande wa kulia, kila Ijumaa. Wanaujua uso wangu."

Mama aliacha kutafuna. Nilimwambia, "Haya ndiyo uyaseme mjini. Haya haya, kama ulivyosema sasa."

"Kwa mwenye kofia?" akaniuliza.

Nikafahamu hapo tatizo lilipo. Haji alipomwuliza, alimwuliza akiwa na kofia na vifungo, na huyu mtu alichokikimbia kina kofia na vifungo. Asingeweza kuyasema kwa kofia. Alisema la ndugu kwa sababu lilikuwa kweli na halikuwa na damu ndani yake.

Kitogani hadi Mjini

Gari lilipopoa tulikuwa tumezoeana, na mtu akizoea hujiona ana haki ya kusema. Mama mmoja wa Muungoni, aliyekalia mzigo wa kuni, alitaka kujua kijana kafanya nini. Nilipomweleza akashusha pumzi.

"Si ubaya, mwalimu. Lakini mchele tunaupangia foleni kwa kijitabu cha mgao. Tukiongeza midomo, tutakula nini?"

"Hajala mchele wako," mama yangu alisema.

"Leo. Na wakija mia?"

Utingo, kijana mrefu mwenye chale usoni kama za wazee wa Kimakonde, alikuwa ananing'inia nyuma. Aliingiza kichwa. "Babu yangu mimi alitoka huko huko kwao huyu. Alikuja akachoma chokaa. Nyumba ngapi za mjini zimesimama kwa chokaa yake?"

"Alikuja kwa vita au kwa kazi?" yule mama akamwuliza.

"Sikuwahi kumwuliza. Nadhani hata yeye hakujua. Mreno alikuwa anampiga ili afanye kazi, akaona akafanye kazi pasipo kipigo. Sasa hiyo iite vita, iite kazi."

Yule mama wa Muungoni alifikiri. "Babu yako alikuja zamani," akasema hatimaye.

"Kila mtu kaja zamani, mama. Kesho huyu naye atakuwa kaja zamani."

Sikumwona yule mama kuwa na roho mbaya, na nataka nanyi msimwone hivyo. Alikuwa na watoto na kijitabu cha mchele. Tulipofika Tunguu, ambapo magari husimamishwa na kukaguliwa, askari wa kizuizi aliuliza mbona Anlawi hana kitambulisho. Kabla Haji hajafungua mdomo, alikuwa ni yule mama wa kuni aliyesema, "Huyo yuko na askari, mwanangu. Ushaambiwa. Tuache twende, kuni zangu zinangojwa."

Mjini

Ofisi ilikuwa karibu na bandari, nyumba ya zamani yenye baraza pana mbele na uani mti wa mkungu. Nyuma palikuwa na chumba chenye dirisha la nondo, na humo waliwekwa wanaongoja kuamuliwa. Hakikuwa gereza, Haji alituambia mara mbili. Mlango ulifungwa kwa nje.

Mkubwa wa pale aliitwa Bwana Othmani, mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye kofia ya kazi aliyoivaa hata ndani. Alimfungulia Anlawi kibunda mbele yetu: shuka, msahafu mdogo, nyundo ndogo, koleo na kipande cha nta.

"Zana za kazi," alisema. "Anayekimbia habebi zana, anabeba roho yake. Umekuja kufanya nini Unguja?"

Anlawi aliitazama kofia. "Kumtafuta ndugu yangu."

"Anafanya nini?"

"Kazi."

"Na wewe ungefanya nini?"

Nilitaka kumjibia nikazuiwa kwa kidole, zamu yangu haijafika. Zamu ilikuwa ya mama. Bwana Othmani alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, bibi," akamwuliza anamjuaje huyu.

Mama alijinyoosha. Kwake huku kulikuwa kumdhamini mtu, na kwetu mtu hudhaminiwa kwa kusifiwa. Hatusemi mabaya yaliyompata. Hayo ni siri yake, kuyatoa ni kumvua nguo. Tunasema mazuri aliyoyatenda.

"Huyu ni mtu mwema sana, Bwana Mkubwa. Mchapa kazi. Kanilimia muhogo, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kila siku. Hakuona jua, hakuona mvua. Mtu wa kazi huyu."

Bwana Othmani aliandika, na kila "kazi" ya mama ilikwenda kwenye karatasi. Nilipopewa nafasi nilisema ya msikiti, na ya ile safu. Alinisikiliza kwa adabu.

"Uliyaona, Mwalimu?"

"Hapana, Bwana. Kanambia njiani."

"Alipoulizwa na askari hakuyasema. Nilipomwuliza mimi hakuyasema. Kakwambia wewe, njiani, baada ya kujua yapi yatamfaa." Hakusema kwa kejeli. "Kama yuko ndugu, mlete. Chombo cha kusini kinaondoka mwisho wa wiki."

Nje mama aliniuliza, "Nimesema vizuri?" Nikamwambia twende kwa kaka tukalale.

Bububu, kwenda na kurudi

Asubuhi nilimwacha mama kwenye baraza ya ile ofisi na boflo na chupa ya chai ya kumpitishia Anlawi dirishani, nikapanda basi la Bububu. Nilijua haya tu, aliyoniambia Anlawi: Saidi, mtu wa Ibo, mfua fedha aliyegeuka fundi wa mabomba. Niliuliza dukani, nikaambiwa sijui. Niliuliza msikitini, sijui. Kila mtu alijibu upesi mno, na mtu asiyejua kitu kwa kawaida hufikiri kwanza.

Mwisho mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nazi nyuma ya nyumba aliniita.

"Wewe nani wa Saidi?"

"Mimi mwenyeji wa ndugu yake. Kaja kumtafuta. Yuko ndani, pale bandarini. Saidi akija kusema neno moja, atasaidika."

Yule mwanamke aliendelea kupanga nazi zake. "Saidi hayupo."

"Kafa?"

"Hayupo, dada yangu." Akanitazama mpaka nikafahamu. Alikuwa ameondoka kama wanavyoondoka wengi, kwa siri. Ndugu mmoja kaja huku kukimbia, mwengine kakimbia huku, na pengine walipishana baharini.

Njiani kurudi nilihesabu nilichonacho, sikuwa na kitu. Nikisema Saidi kaondoka, nimewaponza waliobaki nyumbani kwake, na Anlawi atakuwa ndugu wa mtoro. Nikisema sikumpata, Anlawi anakosa shahidi.

Bwana Othmani alikuwa mlangoni. "Umempata ndugu?"

"Hayupo, Bwana."

"Amehama?"

"Hayupo."

Naye ni mtu wa kisiwa hiki, ana wake wasiopo. Hakuniuliza tena. Aligeuka, akamwambia mtumishi ampelekee chai yule bibi barazani, jua kali. Nikamwambia Anlawi kupitia dirishani. Aliegemeza paji la uso kwenye nondo.

Mjini, siku ya tatu

Sasa tumeufikia ufagio.

Tulifika mapema, ofisi bado haijafunguliwa ila lango lilikuwa wazi. Majani ya mkungu yalikuwa yamejaa uani, yale makubwa mekundu. Mama alikaa kidogo barazani, akainuka, akakaa, akainuka tena. Kisha alizunguka nyuma ya mlango akautoa ufagio wa chelewa, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kufagia.

"Mama, acha."

"Acha wewe."

Haji alikuja mbio. "Bibi, weka chini. Bwana Mkubwa akikuta unafagia ofisi ya serikali nitasema nini?" Akaushika ufagio huku, mama kaushika huku, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwangusha mwenziwe, walizunguka nao uani kama watoto. Waliopita njiani waliona hayo. Ndiko ilikotoka ile habari yenu.

Bwana Othmani alitokea langoni. "Nini hii?"

"Bibi anafagia, Bwana," Haji alisema.

"Nani kamwajiri?"

"Hakuna, Bwana."

Alimgeukia mama. "Bi Mize, umekuja mjini kutafuta kazi?"

"Kazi?" Mama aliudhika. "Kwangu nimeacha kazi tele, muhogo unaliwa na nguruwe. Nimekuja kumfuata mgeni wangu."

"Sasa mbona unafagia?"

"Leo siku ya tatu. Juzi umenipa kiti, jana umenipa chai. Nikikaa leo tena nimekunja mikono nitakuwa mtu gani? Ufagio nimeukuta hapa, sikuja nao."

Haji aliuachia ufagio, mama akaendelea kufagia. Yeye alikuwa amejibu swali, basi. Hakujua kasema nini. Mimi nilijua. Nikasema taratibu, "Bwana, hivyo ndivyo Anlawi naye alivyolima."

"Nimesikia, Mwalimu." Sauti yake ilikuwa kali kidogo. "Hiyo si sheria."

"Si sheria, Bwana."

Alisimama akiyatazama majani yanavyokusanywa. Kisha akamwambia Haji amlete Anlawi.

"Na ukimwuliza," mama alisema bila kuinua kichwa, "ivue hiyo kofia, mwanangu. Anaiogopa."

Nilidhani sasa tumeangamia sote. Bwana Othmani aliingia ndani bila kujibu. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona amekaa, na baadaye kidogo, kama mtu anayehisi joto, aliivua akaiweka kwenye kiti cha pembeni. Alianza na viganja. "Nionyeshe mikono." Malengelenge yalikuwa yamekauka kuwa sugu mpya juu ya ngozi laini. "Hii si mikono ya jembe. Kazi yako nini kwenu? Na mara ya mwisho kuifanya ilikuwa lini?"

"Ijumaa," Anlawi alisema. "Nilikuwa nawasha makaa." Na akaendelea. Sikusikia yote, nilisikia sauti tu, ndefu, bila kukatwa. Haji aliyesimama mlangoni alikuwa anatazama sakafu. Ilipofika zamu ya zile zana alisema kwa nguvu kidogo, nami nikasikia: "Nilichukua nilichoweza kubeba. Wewe ungeiacha mikono yako?"

Bwana Othmani alipotoka kofia ilikuwa kichwani. Alisema Anlawi atavushwa Dar es Salaam kwa wanaopokea wakimbizi, na huko wataamua wao. Hakuahidi zaidi ya hapo, nami sitawaahidi. Mama alimrudishia ufagio mkononi kwake mwenyewe.

Bandarini

Langoni mwa bandari alikaa mtu wa zamu, mchovu, mwenye swali moja kwa kila anayetoka kisiwani: unakwenda kufanya nini? Mnajua lilivyo zito swali lile siku hizi. Kijana mmoja mbele yetu alijibu kwa kigugumizi, akawekwa kando na kibegi chake. Haji alikuwa na karatasi ya Bwana Othmani, lakini mtu wa lango hakuitazama. Alimtazama Anlawi.

"Wewe. Unakwenda kufanya nini?"

Njia nzima nilimfundisha. Sema neno moja tu: nnakimbia vita. Usiongeze.

"Nnakimbia vita," Anlawi alisema. Nikashusha pumzi. Kisha akamgeukia mama yangu, kama anayeaga, na akaongeza, "Na nikifika, wakinipa jembe, nitalima."

Haji alifumba macho. Yule mtu alinyanyua kichwa, akaitazama karatasi sasa, akayarudisha macho kwa Anlawi, kwa koti lake la mtu mnene, kwa viganja vyake.

"Unajua kulima?"

"Hapana."

"Basi watakufundisha," alisema, akasogeza mguu wake uliokuwa umeziba njia. "Pita."

Alipita. Hakugeuka mpaka alipofika ngazini, akanyanyua kile kibunda juu. Mama alikuwa analia na kulalamika kwamba hakumfungia chakula cha kutosha.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuharibika hata gurudumu, kwa hiyo sina la kusimulia.

Mmeniuliza wengi, na wengine mmebishana mbele yangu: yule alikuwa mkimbizi kweli, au mtafuta riziki? Nawajibu kama ninavyowajibu watoto darasani wanapotaka jibu moja kwa hesabu mbili. Mtu akikimbia, tumbo lake linakimbia naye, na mikono yake pia. Akifika atakula, na akishakula atataka kushika kitu. Ukimwona kashika kitu usiseme hicho ndicho kilichomleta. Mwulizeni kilichomtoa, na mwulizeni kwa namna atakayoweza kujibu. Zaidi ya hapo sijui, na mchele wa yule mama wa Muungoni sijausahau.

Mwenyekiti alikuja jioni tuliyofika. Alikaa, akapewa muhogo, ule ule, akala. Alikuwa na agizo kutoka juu, na aliona aibu kulisema, lakini alilisema: kuanzia sasa Bi Mize akipata mgeni, hata siku ya Mwaka, apeleke habari tawini mara moja.

"Nitaleta," mama alisema.

"Mara moja, Bi Mize."

"Nimekusikia, mwenyekiti. Nitaleta mwenyewe kwa miguu yangu." Akamwongezea kipande kwenye sahani. "Akishakula."